Kabla hujabonyeza mashine ya presha, laza mkono mezani

Jirani yangu hapa Tanga ni fundi cherehani. Tangu nistaafu uuguzi, hupita barazani kwangu kupimwa presha. Juzi alifika anahema, akaketi kwenye kigoda, mkono ukining'inia, mdomo ukisimulia penalti ya Simba. Mashine ikaandika 152 kwa 94.

"Sista, si niongeze kidonge?"

"Kidonge hakiongezwi barazani, fundi. Nenda kwanza chooni."

Kibofu kilichojaa nacho hupandisha presha. Aliporudi nikamkalisha kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zote chini, miguu haikupishana. Dakika 5 za kimya, hata Simba marufuku. Mkono wazi, bila shati, nikaulaza mezani juu ya kanga iliyokunjwa, mkanda wa mashine unaofungwa mkononi ukawa usawa wa moyo. 138 kwa 86. Bado iko juu, sikumficha, lakini si ile ya mwanzo.

Mwaka 2024 watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwapima watu 133 huku wakibadilisha tu mahali pa mkono. Uliowekwa mapajani uliongeza namba ya juu kwa karibu 4. Ulioning'inia, kwa 6.5. Mkono ukiwa chini ya moyo, uzito wa damu yenyewe huongeza mgandamizo pale mkanda ulipo. Nilipoisoma habari ile niliona haya kidogo. Asubuhi zile za foleni mpaka mlangoni, ni wangapi niliwapima mkono ukiwa mapajani!

Mkanda nao una mambo yake. Chukua futi ya fundi, pima mzunguko wa mkono katikati ya bega na kiwiko, kisha linganisha na namba zilizochapwa kwenye mkanda. Mingi ya madukani ni sentimita 22 hadi 32. Mke wa fundi ana 42. Utafiti mwingine wa hao hao, wa 2023, uliona kwamba wenye mikono minene inayohitaji mkanda mkubwa kabisa, wakifungwa ule wa kawaida, namba ya juu hupanda kwa 19.5. Mtu anaweza kuanzishwa dawa kwa kosa la kitambaa. Ukinunua mashine, uliza mkanda kabla ya bei.

Kahawa, sigara na kazi nzito ziache nusu saa kabla. Siku ya kwanza pima mikono yote miwili, halafu ushike ule wenye namba kubwa. Pima asubuhi kabla ya dawa, na jioni, mara mbili kila wakati, ukipumzika dakika moja katikati. Fanya hivyo siku 7, ya kwanza usiihesabu. Wastani wa nyumbani ukifika 135 kwa 85, mpelekee daktari. Dawa usipunguze wala kuongeza mwenyewe.

Ikigonga 180 kwa 120 na kifua kinauma, pumzi inabana, upande mmoja umelegea au ulimi mzito, usirudie kupima. Tafuta bajaji, bodaboda, chochote, uwahi hospitali.

Fundi anaandika namba zake kwenye daftari la vipimo vya wateja, kati ya kiuno cha huyu na bega la yule. Sina neno, mradi aweke tarehe.