Injini ya boti ikitema oili, angalia kwanza inavyopumua

Hapa Kirumba, Mwanza, naletewa injini za boti za mwendo kasi zinazovuja oili, mwenyewe ameshabadilisha sili, zile pete za mpira zinazozuia oili isitoke, mara mbili. Sili haina kosa. Moshi unaopenya kwenye ringi za pistoni hujaa chini kwenye krenki, yaani kwenye boksi la oili. Ukikosa njia, unasukuma oili nje.

Washa injini, izunguke taratibu, kisha weka kifuniko cha oili juu ya tundu lake bila kukaza. Kikirushwa, chomoa mpira wa kupumulia, ule unaotoa moshi huo. Juzi niliukuta umejikunja nyuma ya tangi, ndani ute mweupe kama mtindi: maji na oili. Uoshe, ukauke, uurudishe bila kona kali. Usiuachie wazi ndani ya boti, jamani, mvuke unaotoka humo unawaka! Bado kinarushwa? Pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, huenda ringi zimekwisha.