Somo: Chumvi ikipungua, tezi hunenepa

Wengi tulifundishwa kwamba pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ndiyo bwana wa adrenali, zile tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Ni nusu ya ukweli.

Hatua ya 1: Ipasue tezi. Ganda lake lina matabaka matatu. La nje hutengeneza aldosteroni, inayozuia sodiamu isipotee kwenye mkojo. La kati ndilo kiwanda kikuu cha kotisoli, homoni ya kukabili msongo, na jamaa zake.

Hatua ya 2: Ondoa pituitari. Mtafiti Philip Smith alifanya hivyo kwa panya, akaeleza mwaka 1930 kwamba adrenali hunywea. Kilichokosekana ni ACTH, homoni ya pituitari inayoichochea adrenali. Ila ukitazama kwa hadubini, yanayonywea hasa ni matabaka ya kati na ya ndani. La nje linadunda tu. Analilisha nani?

Hatua ya 3: Mnyime mnyama chumvi. Sodiamu ikipungua, figo hutoa renini, renini huanzisha utengenezaji wa anjiotensini, nayo hulichochea tabaka la nje. Mwanzoni seli huongeza kazi tu. Hali ikidumu, tabaka lenyewe hunenepa. Hapa napenda mfano wa milima ya Snowy Mountains, Australia, ambako malisho yana sodiamu haba mno. Mwaka 1968 watafiti walieleza kwamba kangaruu na sungura wa huko wana tabaka nene la nje, na sungura walitafuna vigingi vya mbao vilivyolowekwa chumvi!

Hatua ya 4: Ongeza potasiamu. Hii huzichochea seli za tabaka la nje moja kwa moja, bila kusubiri renini.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Ng'ombe wangu wanalamba kuta na mkojo. Ni adrenali?
— Marahaba. Huenda wanatafuta sodiamu. Majani huwa na potasiamu tele na sodiamu kidogo, hivyo tabaka la nje husukumwa na yote mawili. Wawekee jiwe la chumvi na maji ya kutosha. Wakitafuna mifupa, shuku fosforasi, umwite daktari wa mifugo.

Mbwa wangu anameza prednisoloni mwezi wa pili sasa. Tezi zake zinakua?
— Zinanywea. Dawa hii hufanya kazi kama kotisoli, hivyo huidanganya pituitari, ACTH inapungua. Usiikatishe ghafla, daktari atapunguza dozi kidogo kidogo.

Na aldosteroni yake?
— Hiyo kwa kawaida haiguswi sana. Rudi Hatua ya 2.