Simu inasema nyuzi 50: jinsi ya kusoma utabiri wa kuyeyuka kwa theluji bonde la Red River

Aliyekulia penye masika anajua mafuriko huja na mawingu. Katika bonde la Red River, kuanzia Wahpeton, Fargo na Grand Forks nchini Marekani hadi Winnipeg, Kanada, maji huja hata siku ya jua, Machi au Aprili, bila tone la mvua. Maji ya miezi minne yanakuwa yamelala mashambani yakiwa meupe, yakingoja joto. Kwa hiyo anayeona kwenye simu "Jumamosi nyuzi 50" akaishia kufurahia kuvua koti amesoma nusu tu ya utabiri. Nusu ya pili ni maswali matatu: theluji ina maji kiasi gani, usiku kutaganda au hakutaganda, na udongo ulio chini yake uko katika hali gani.

Tahadhari ya vipimo kwanza. Fargo na Grand Forks hutumia Farenhaiti na futi, Winnipeg hutumia sentigredi na mita. Barafu huyeyuka kwenye nyuzi 32 za Farenhaiti, na hizo 50 ni sawa na 10 za sentigredi. Hapa chini tunatumia sentigredi.

Pima maji, usipime kimo

Kimo cha theluji hudanganya. Sentimita 10 za theluji mpya zina takriban sentimita 1 ya maji, mara nyingi pungufu kukiwa na baridi kali. Sentimita 10 zilizoshindiliwa na upepo hadi mwisho wa Februari zina 2 hadi 3, na iliyoiva tayari kuyeyuka hufika 4 au zaidi. Ndiyo maana lundo linaweza kunywea nusu kwa siku mbili na hakuna hata lita moja iliyoondoka: maji yako ndani yake.

Tafuta bomba la plastiki la inchi 4 lenye urefu wa sentimita 60 au zaidi, pamoja na mizani ya jikoni. Lisukume wima ukilizungusha ili likate matabaka ya barafu, mpaka liguse udongo. Kabla ya kuliinua, fukua upande mmoja na uingize mwiko bapa chini ya mdomo wake. Ukiruka hatua hii, theluji ya chini, ambayo ndiyo nzito kuliko yote, itabaki shimoni na hesabu itapotea. Ondoa nyasi na udongo, mimina kwenye mfuko, pima. Kwa bomba hilo, kila gramu 8 ni karibu milimita 1 ya maji. Ukipata gramu 640, uwanja wako umebeba milimita 80 hivi.

Rudia sehemu tano angalau, kisha tafuta wastani. Upepo wa nyanda hizi hukwangua shamba hadi mabua yaonekane, na kurundika theluji mitaroni na kando ya miti, hivyo kipimo kimoja hakina maana. Lundo la kando ya barabara usiliguse kabisa. Hiyo ni theluji ya watu wote iliyosukumwa na magreda.

Asiye na bomba aangalie ramani za NOAA, taasisi ya Marekani ya bahari na anga, za maji yaliyomo kwenye theluji, zinazotolewa kila siku. Baadhi ya takwimu zake hutoka kwenye ndege zinazopita chini zikipima mionzi ya asili ya udongo: kadiri maji yalivyo mengi juu ya ardhi, ndivyo mionzi inavyofifia.

Usiku ndio wenye habari

Hesabu ya haraka ni hii. Chukua joto la juu na la chini la siku, pata wastani, kisha zidisha kila nyuzi iliyo juu ya sifuri kwa milimita 2 hadi 4. Mchana 8 na usiku -2, wastani ni 3, maji ni milimita 6 hadi 12 kwa siku. Zile milimita 80 zitachukua wiki moja hadi mbili, na mitaro itazimudu. Sasa weka mchana 12 na usiku 4. Wastani ni 8, maji ni milimita 16 hadi 32 kwa siku, na mzigo ule ule unashuka kwa siku tatu hadi tano. Tofauti ya mchana ni nyuzi 4 tu. Kilichobadilisha mambo ni usiku kukosa kuganda, maana usiku wenye barafu hufunga bomba kwa saa nane au kumi na kuipa mito nafasi ya kupumua.

Usianze kuhesabu siku ya kwanza ya joto. Theluji baridi lazima kwanza ipashwe yote mpaka sifuri, kisha ijae maji kama sifongo, ndipo ianze kuachia. Siku mbili au tatu za mwanzo huonekana shwari, na hapo ndipo watu huacha kujiandaa.

Kingine kinachosahaulika ni kiwango cha umande (dew point), yaani joto ambalo mvuke wa hewani huanza kugeuka maji, ambacho programu nyingi za simu hukionyesha chini kabisa ya ukurasa. Kikiwa chini ya sifuri, hewa ni kavu: sehemu ya theluji hugeuka mvuke na kuyeyuka huenda polepole hata jua likiwaka. Kikipanda juu ya sifuri, mvuke hutua juu ya theluji na kugeuka maji, na kila gramu moja inayotua huachia joto la kuyeyusha gramu 7 na zaidi. Ukungu wa usiku wenye upepo na nyuzi 3 ni wa kuogopwa. Mvua juu ya theluji iliyoiva ni mbaya zaidi, kwa kuwa hushuka moja kwa moja pamoja na maji yaliyokuwa yamehifadhiwa.

Kuhusu udongo, jiulize Oktoba na Novemba zilikuwaje. Udongo wa mfinyanzi wa bonde hili, ulioachwa na ziwa la kale la Agassiz, ukiingia baridini umelowa huganda kama sakafu ya saruji, na maji yote hukimbilia mtoni. Ukiganda ukiwa mkavu, hubaki na nyufa zinazomeza maji mengi.

Mto unaoelekea kwenye barafu

Red River hutiririka kwenda kaskazini, kama Nile inavyotoka Jinja. Tofauti ni kwamba kusini hupata joto mapema huku kaskazini mto ungali umeganda, hivyo maji hukuta mlango umefungwa. Vipande vya barafu hukwama penye madaraja na kona, na kina hupanda kwa saa chache. Ardhi nayo ni bapa mno, hivyo maji yakitoka kingoni hutambaa maili nyingi. Aliye Grand Forks au Winnipeg asitazame hali ya hewa ya mtaani kwake peke yake. Atazame ya Fargo na Wahpeton pia.

Idara ya hali ya hewa ya Marekani hutoa matarajio ya mafuriko kuanzia majira ya baridi, na Manitoba, jimbo la Kanada lenye Winnipeg, ina kituo chake. Jedwali la Marekani huandikwa kwa asilimia. Ukiona futi 30 chini ya asilimia 25, maana yake kuna nafasi moja kati ya nne kwamba mto utafika au kupita futi 30. Haisemi kwamba mto utafika hapo. Linganisha na hatua za eneo lako: Fargo mafuriko huanza kuhesabiwa futi 18, na makubwa futi 30. Rekodi yake ni futi 40.84, Machi 28, 2009.

Weka akiba juu ya namba yoyote. Mwaka 1997 Grand Forks ilitabiriwa futi 49, mto ukafika 54.35. Kama nyumba yako inavumilia mpaka namba iliyotabiriwa na si futi moja zaidi, hesabu kwamba haivumilii.

Kazi za nyumbani, kwa mpangilio wa muda

Bima ndiyo ya kwanza, kabla hata ya koleo. Bima ya kawaida ya nyumba au ya mpangaji Marekani hailipi mafuriko, na bima ya mafuriko ya mpango wa taifa kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kununuliwa. Ukisubiri maji yaonekane, umechelewa. Uliza pia kama maji yanayorudi kupitia bomba la taka yamo, kwani mara nyingi ni kifungu cha kuongeza.

Wiki mbili kabla ya joto, ondoa theluji mita 1.5 kutoka ukutani. Ukanda wa urefu wa mita 10 wenye milimita 75 za maji ni zaidi ya lita 1,100 zinazongoja kuteremka kwenye besimenti, chumba cha chini ya nyumba. Itupe upande ambao ardhi inateremkia mbali na nyumba. Refusha mabomba ya gata yamwage maji mita 2 au 3 kutoka msingi, na chimbua barafu iliyofunika mdomo wa mtaro wa barabarani ulio karibu nawe.

Pampu ya besimenti ijaribiwe kwa ndoo: mimina lita 20 kwenye shimo la pampu, boya lipande, pampu iwake, maji yatoke nje, izime yenyewe. Hitilafu ya kawaida haiko kwenye pampu bali kwenye bomba la nje lililoziba kwa barafu: pampu inanguruma, maji yanazunguka pale pale, mota inaungua. Toka nje uone maji kwa macho. Usiyaelekeze kwenye bomba la taka, na uwe na betri ya akiba, maana umeme hukatika usiku ule ule unaouhitaji.

Mifuko ya mchanga ijazwe nusu tu, usiifunge kwa kuivimbisha. Kunja mdomo, laza mfuko mmoja juu ya mkunjo wa mwenzake kama matofali, kanyaga. Ukuta uwe na upana mara tatu ya kimo chake.

Maji yakiingia besimenti, usishuke kama yamefika soketi au kisanduku cha umeme. Usikimbilie pia kuyanyonya yote: udongo wa nje uliojaa maji husukuma ukuta, na maji ya ndani ndiyo yanayousaidia kusimama. Ngoja ya nje yashuke, kisha toa theluthi moja kwa siku, ukiweka alama ukutani. Alama ikipanda usiku, simamisha pampu na ungoje siku nyingine.