Namna ya Kukagua Chaza na Kombe Wanaokufa Pwani

Mkaguzi anayeshuka pwani kutafuta maradhi ya chaza huwa na haraka ya kuwafungua walio hai, ilhali ushahidi wa kwanza uko kwa waliokufa. Shuka wakati wa bamvua, maji yakiwa yamepwa sana, uzungushe kamba kwenye mraba wa mita moja, kisha uhesabu kila chaza aliyemo. Aliyekufa karibuni huacha magamba mawili yaliyoshikana bado kwenye bawaba, ndani yakiwa meupe na safi. Wa zamani huwa na tope na mwani ndani, na baadaye magamba huachana. Ukipata 80 walio hai na 20 waliokufa karibuni, vifo ni asilimia 20. Kwa chaza wa mwambani, ambao gamba la chini limegandamana na jiwe, hesabu magamba ya chini yaliyobaki matupu na meupe.

Kombe hutazamwa kwa namna nyingine. Mzima hujificha mchangani, hivyo ukiwakuta wengi juu ya tope, midomo wazi na wazito wa kufumba hata ukiwagusa, hiyo ni dalili mbaya.

Kabla ya kutaja ugonjwa, ondoa sababu nyingine. Mvua kubwa za masika huweza kuwaua chaza wa mlangoni mwa mto kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na tundu dogo la duara kwenye gamba mara nyingi ni kazi ya konokono mlaji, si ya kimelea.

Sasa fungua. Malengelenge meusi ndani ya gamba, yakitobolewa yakatoa tope lenye harufu, ni ya minyoo wa tope. Gamba lililojaa vitundu kama mbao iliyoliwa na mchwa limeingiliwa na sifongo. Kaa mdogo mweupe anayejificha kwenye matamvua hushtua macho, lakini kwa kawaida hamwui mwenyeji wake. Wanaoua zaidi hawaonekani kabisa. Chaza mwenye Perkinsus, kimelea kisichoonekana kwa macho matupu, huonekana amekonda tu, mnofu ukiwa wa majimaji na kingo zake zimejivuta kutoka kwenye ukingo wa gamba, na njaa nayo huleta sura hiyo hiyo. Kwa maoni yangu, anayetoa hukumu kwa jicho hapa anabahatisha.

Kwa hiyo peleka sampuli maabara. Chaza 30 waliochukuliwa bila kuchagua watatosha, kwa uhakika wa asilimia 95, kumpata angalau mgonjwa mmoja ikiwa asilimia 10 wameambukizwa. Ikiwa ni asilimia 2 tu, wahitajika kama 150. Wafunge kwenye gunia bichi lililoloweshwa maji ya bahari, uwaweke juu ya barafu iliyotengwa kwa gazeti, na kamwe usiwatumbukize kwenye maji yasiyo na chumvi.

Maabara hukata kipande cha matamvua na cha mwisho wa utumbo, hukiweka kwenye kimiminika cha thayoglikoleti chenye antibiotiki, ambamo vimelea huvimba, gizani, kwa siku tano hadi saba. Njia hii iliasisiwa na mtafiti Sammy Ray mwaka 1952 na bado inatumika. Kipande hicho kikipondwa na kudondoshewa ayodini, vimelea vilivyovimba huonekana kwenye hadubini kama vidonge vya mviringo vya rangi ya samawati iliyokoza karibu na nyeusi. Njia hii hutambua jenasi ya Perkinsus, si spishi, kwa hiyo PCR, kipimo cha vinasaba, ndiyo itakayosema kama ni Perkinsus olseni au Perkinsus marinus. Zote mbili zimo katika orodha ya Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, kwa hiyo afisa uvuvi lazima ajulishwe. Mlaji hana hofu: vimelea hivi havimdhuru binadamu.

Kabla majibu hayajarudi, usihamishe chaza wala mbegu zao kwenda mwamba mwingine, kwani Perkinsus hupita majini kutoka kwa wanaokufa hadi kwa wazima. Magamba na minofu iliyobaki izikwe nchi kavu, mbali na mstari wa maji kujaa, na visu na ndoo zioshwe kwa maji yasiyo na chumvi na kuanikwa juani hadi zikauke.