Kabla Hujahama Chuo Ukiwa Njiani Kwenda Udaktari

Ukihama chuo Marekani, alama zako zinahama nawe. Nalitanguliza hili kwa sababu wengi wanaoniuliza habari za kuhama wana C ya kemia mkononi, na moyoni wanatumaini itabaki walikotoka. Wana sababu ya kudhani hivyo: chuo kipya kwa kawaida hupokea krediti, yaani hesabu ya kozi ulizopita, bila kupokea alama, kwa hiyo GPA yako, wastani wa alama zako kwa kipimo cha hadi 4, pale huanza upya. Lakini shule ya udaktari haiangalii GPA ya chuo kimoja. Maombi ya shule nyingi za MD, shahada ya udaktari, hupitia AMCAS, huduma ya pamoja ya kupokea maombi, nao hutaka transkripti, yaani orodha rasmi ya kozi na alama, ya kila chuo ulichowahi kusoma huko, hata kile cha kozi moja ya kiangazi. Kisha hukokotoa wastani wao wenyewe, pamoja na wastani wa pekee wa baiolojia, kemia, fizikia na hisabati. Ukirudia kozi, alama zote mbili zinahesabiwa. Basi kama unachokikimbia ni ile C, utaikuta mbele yako imekutangulia.

Kwa aliyelelewa na mfumo wa nyumbani, mambo haya yanachanganya. Muhimbili mtu huingia na matokeo ya kidato cha sita akasoma udaktari miaka mitano. Marekani unachukua kwanza shahada ya kawaida, karibu ya somo lolote, ilimradi umepita kozi za sayansi wanazozidai, ndipo uombe shule ya udaktari, miaka mingine minne. Hicho wanachokiita primedi, maandalizi ya kuomba udaktari, si shahada, ni mwelekeo tu. Kwa hiyo jina kubwa la chuo cha kwanza lina uzito mdogo kuliko shangazi zako wanavyodhani. Walioingia shule za MD mwaka 2023 walikuwa na wastani wa GPA 3.77, na 511.7 kwenye MCAT, mtihani wa kuombea shule za udaktari, ambao alama yake ya juu kabisa ni 528. Angalia ni chuo kipi, ulichopo au unachotaka kuhamia, utaweza kufika huko na bado ukalala usiku.

Kozi nazo zina mitego. Kemia ogania hufundishwa kwa mihula miwili, na kila chuo hukata pale kinapotaka. Ukisoma nusu huku na nusu kule, unaweza kukuta mada nzima imekupita. Maliza jozi kwanza. Tena neno “krediti zimekubaliwa” lisikulevye. Zinaweza kukubaliwa kama za hiari tu, zikaongeza idadi bila kutimiza masharti ya shahada yako, na hapo mwaka wa tano unabisha hodi. Dai tathmini ya maandishi, kozi kwa kozi, kabla hujalipa chochote, na tunza silabasi zote.

Nililojutia mimi ni watu. Nilihama mwisho wa mwaka wa pili, kutoka chuo kidogo ambako mwalimu wa baiolojia alijua hadi jina la mama yangu, nikaingia ukumbi wa wanafunzi mia tatu. Shule za udaktari zinataka barua za walimu wa sayansi wanaokufahamu, na maombi hutumwa kuanzia mwishoni mwa Mei au Juni, zaidi ya mwaka mzima kabla ya kuanza masomo. Piga hesabu. Ukihamia mwaka wa tatu na ukitaka kuunganisha moja kwa moja, una mihula miwili ya kujulikana, kupata maabara ya utafiti, kupata hospitali ya kujitolea na kujiandaa na MCAT. Mwalimu niliyemwomba barua aliniomba nimkumbushe nilikuwa nakaa upande gani wa ukumbi. Siku hizi wengi hukaa mwaka mmoja au miwili kati ya shahada na udaktari. Ukihama, uingize mwaka huo kwenye mipango tangu mwanzo. Uliza pia: vyuo vingine huandika barua ya kamati, yaani barua moja ya chuo kumpendekeza mwombaji, na si kila anayehamia anaipata.

Fedha. Ufadhili mwingi mnono hutolewa kwa wanaoanza mwaka wa kwanza, na anayehamia hukuta sahani imeshalambwa. Waliokuja na familia zao kama wakimbizi, kama ndugu zetu wengi kutoka Kongo, wanastahili kuomba msaada wa serikali kuu. Mwenye F-1, visa ya mwanafunzi wa kigeni, hastahili. Mwenye F-1 ana kazi nyingine: ofisi ya wanafunzi wa kigeni ihamishe rekodi yake ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kuwafuatilia wanafunzi wa kigeni, chuo kipya kimpe I-20, hati ya kumtambua kama mwanafunzi wake, na masomo yaanze muhula unaofuata, pasipite miezi mitano. Ajue vilevile kwamba shule nyingi za udaktari hazipokei asiye raia wala mkazi wa kudumu, na baadhi ya zinazompokea hutaka aonyeshe fedha za miaka yote minne. Kama unahamia jimbo jingine, kumbuka shule za umma za udaktari huwapendelea wakazi wa jimbo lao, na ukazi haupatikani kwa kupanga bweni.

Tarehe usizichezee, vyuo vingi hufunga maombi ya kuhamia karibu na Machi mosi.

Sababu ninazoziheshimu ni hizi: ada imewashinda, chuo hakina kozi au maabara unayohitaji, au upweke umekufikisha pabaya na mshauri ameshindwa kukusaidia. Mimi ningehama tena, maana ada ilikuwa imemshinda baba. Ila safari hii ningepita kwanza kwa yule mwalimu wa baiolojia, nikamwomba aniandikie barua wakati sura yangu bado anaikumbuka.