Neo4j ikianza kujikokota, anza na PROFILE

Unatumia Neo4j, hifadhidata ya grafu, na MERGE yako (amri inayotafuta nodi, yaani rekodi, na kuiunda kama haipo) ilikuwa inaruka asubuhi, jioni inajikokota? Usikimbilie kuongeza RAM. Weka neno PROFILE mwanzoni mwa kwiri, iendeshe, tazama mpango wa utekelezaji, yaani hatua ambazo Neo4j imepitia. Ukiona NodeByLabelScan, ujue kila rekodi unayoingiza inapekua nodi zote za lebo hiyo (aina ya nodi, mfano Mteja), moja moja. Mimi nilishakesha usiku mzima kwa hili, kumbe dawa ni mstari mmoja, unaoweka sharti kwamba simu ya kila Mteja iwe ya kipekee:

CREATE CONSTRAINT FOR (m:Mteja) REQUIRE m.simu IS UNIQUE

Sharti hilo huja na faharasa (index) yake, na kwa MERGE inayotafuta kwa simu, mpango utageuka kuwa NodeUniqueIndexSeek, yaani kwenda moja kwa moja kwenye nodi husika. Kama kuna wateja wenye simu moja walioingia mara mbili, sharti litagoma kuundwa, safisha kwanza. Halafu kumbuka PROFILE inaiendesha kwiri, kwa hiyo MERGE inaandika data kweli kweli. Ukitaka kuchungulia mpango tu bila kuendesha kwiri, tumia EXPLAIN.