Kutunga Muziki wa Ala za Shaba na Ngoma: Hatua kwa Hatua

Kabla ya kuandika nota yoyote, amua ni wapigaji wangapi watakaokuwa mbele yako, kwa sababu idadi yao ndiyo itakayoamua upana wa sauti. Mfano bora wa kuchunguza ni Fanfare for the Common Man, ambayo mtunzi wa Marekani Aaron Copland aliitunga mwaka 1942 kwa ajili ya okestra ya Cincinnati: honi nne (ala za shaba zenye bomba lililozungushwa), tarumbeta tatu, tromboni tatu, tuba moja (ala ya shaba yenye sauti nzito ya chini), timpani (ngoma zinazotoa nota maalumu), ngoma kubwa ya besi na upatu mkubwa. Utaona kwamba ngoma na upatu ndizo zinazofungua, kisha tarumbeta zinaingia zote kwa sauti moja, halafu honi zinaungana nazo, na tromboni pamoja na tuba zinasubiri hadi baadaye. Mtunzi hakutumia nguvu zake zote mwanzoni.

Hatua ya pili ni kuandika rasimu nzima katika sauti halisi zitakazosikika, ndipo uhamishe nota za kila ala, yaani uziandike upya, kwa sababu baadhi ya ala hazisikiki kama zilivyoandikwa. Tarumbeta ya B-flati husikika toni nzima (kama kutoka D hadi C) chini ya kilichoandikwa, kwa hiyo ukitaka C isikike, andika D. Kwa honi ya F, ukitaka C hiyo hiyo, andika G iliyo juu yake. Tromboni na tuba huandikwa kama zinavyosikika.

Hatua ya tatu ndiyo ninayoitilia mkazo kuliko zote: andika pumzi. Sauti ya ala ya shaba inazaliwa na midomo inayotetema, na midomo huchoka, hasa inapodumu kwenye nota za juu kwa nguvu. Kompyuta itakupigia kifungu kirefu cha tarumbeta bila kulalamika, lakini mpigaji atahitaji kuishusha ala yake ili damu irudi midomoni. Kwa hiyo gawanya wimbo mrefu kati ya tarumbeta ya kwanza na ya pili, na yule anayepokea aanze kwenye nota ile ile ambayo mwenzake anamalizia, ili msikilizaji asisikie mshono. Kwa tuba, kumbuka kwamba nota za chini zinazopigwa kwa nguvu humaliza hewa haraka sana. Usimwandikie mpigaji wake nota ndefu zinazofuatana bila nafasi ya kuvuta pumzi. Ukitaka kizibo (kifaa kinachowekwa kwenye mdomo wa ala ili kubadilisha sauti) kitumike, acha mapigo ya kutosha ya kukiweka na kukitoa.

Nafasi hizo za pumzi ndizo makao ya ngoma. Watunzi wengi huongeza ngoma mwishoni, juu ya muziki uliokwisha kujaa, na matokeo yake ni kelele. Mimi napendelea kuzitunga pamoja na ala za shaba tangu rasimu ya kwanza, zikijibu pale midomo inapopumzika. Kuwa mwangalifu na upatu mkubwa, kwa kuwa sauti yake huendelea kufunguka baada ya pigo na kukawia hewani, hivyo ukipigwa kwa nguvu pamoja na mwanzo wa kodi laini ya honi (nota kadhaa zinazopigwa pamoja), utaifunika kabisa. Matoazi nayo hufunika mng'ao wa tarumbeta, lakini ngoma ndogo yenye nyuzi hukata bila kuziba. Kila ngoma ya timpani hutoa nota moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo onyesha mwanzoni nota za kuanzia, na ukizibadilisha katikati, acha muda wa kukanyaga pedali na kuhakiki sauti.

Mwisho, omba mazoezi ya kusoma kabla ya onyesho, usimame mbali na wapigaji, na usikilize hasa honi: tundu lake pana linalotoa sauti huelekea nyuma, na katika ukumbi mkubwa sauti yake inaweza kuonekana kuchelewa. Waombe wapigaji waweke alama kila mahali walipovuta pumzi, kisha rekebisha karatasi zao kwa kufuata alama hizo, ukihakikisha kwamba kila ukurasa unageuzwa mpigaji akiwa kimya.